Ubishi wa Moteri kwenye Garaji ya Djuma

Ndugu zangu wa Kasongo na wa Kabambare, na ninyi mnaopita kwetu mkitafuta dhahabu, kaeni kidogo mnisikilize. Nawapa habari ya nyumba moja iliyovunjwa na ubishi, ubishi wa kucheka tu, wa watu wazima waliokaa kwenye benchi la garaji.

Ernestine alikuwa mke wa Magloire, na walikaa Kasongo pamoja na watoto wao, mkubwa akiwa Elsa. Asubuhi zao zilikuwa nzuri. Magloire aliipangusa pikipiki yake, ile kubwa ya zamani aliyoachiwa na marehemu babake, dereva wa misioni. Ernestine alishikilia magunia ya mchele huku mumewe akiyafunga kwa kamba za mpira kwenye porbagaje, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Kisha Magloire alikanyaga mara moja tu, moteri ikanguruma, naye akashika njia ya Kabambare. Jioni ya kurudi, Ernestine aliitambua sauti ile tangu mbali, akaweka chungu cha bugali motoni. Watoto walishiba. Walisoma. Nani angeomba zaidi?

Halafu Junior akafika mjini. Alikuwa kijana mnunuzi wa dhahabu aliyetoka upande wa mashariki, mcheshi, mkarimu, mwenye pikipiki mpya inayowaka kwa kubonyeza kidole. Kila alipotoka machimboni Lusangi alipumzika kwenye garaji ya Djuma, na hapo alitoa telefone yake kuwaonyesha watu magari ya Amerika yenye moteri kubwa kupita kiasi. Gari la zamani liliwekwa kando ya lile la sasa la jina lilelile, yakashindanishwa, moshi ukafunika barabara. Wanaume waliinamia kioo kile kama wanaosoma habari za ndugu zao.

Siku moja Ernestine alikwenda kumwita mumewe, maana mwenye mzigo alikuwa amemngoja tangu asubuhi. Akawakuta katikati ya ubishi.

"Mpya inaikula ya zamani," Junior alisema. "Angalia mwenyewe. Moteri ndogo kuliko ile, lakini iko na nguvu mara mbili."

"Ya zamani iko chuma kitupu," Magloire alijibu. "Hii yenu iko na plastiki na kompyuta. Ikufie Lusangi, nani ataitengeneza?"

"Baba Elsa," Ernestine aliita, "mutu wa mchele anakungojea."

"Nakuja, mama."

Hakuja. Yule mtu wa mchele akatafuta pikipiki nyingine.

Mambo ya Amerika yangebaki Amerika, kusingekuwa na shida. Lakini ubishi ulihama kutoka kwenye telefone ukaingia kwenye pikipiki zao wenyewe. Junior alisema pikipiki ya Magloire ni maiti isiyozikwa. Watu wakacheka, na Djuma akacheka kuliko wote. Magloire alirudi nyumbani, akamwambia mkewe maneno yale, akaanza kuipangusa pikipiki. Ernestine alijua mumewe alikuwa amesikia babake akichekwa pale, maana chuma kile na baba yake vilikuwa kitu kimoja moyoni mwake. Alimwonea huruma. Alimpikia vizuri, akadhani yatapita.

Hayakupita. Magloire alianza kushinda garajini akiiongezea nguvu moteri. Siku moja aliirudisha pikipiki ikiwa imebaki mifupa: haina bomba la kuzuia kelele, haina vizuia matope, na nyuma ya kiti hakuna kitu.

"Porbagaje iko wapi?" Ernestine aliuliza.

"Nimeitoa. Ilikuwa inaikatisha nguvu."

"Na magunia yatakaa wapi?"

"Mama Elsa, wewe unawaza magunia tu. Ungesikia vile inapanda mulima sasa!"

Enyi akina baba, hebu jiulizeni. Kitu kilicholisha watoto kimeng'olewa ili kelele iwe kubwa zaidi, na aliyekitoa anataka apigiwe makofi. Ernestine hakupiga makofi wala hakugombana. Alichukua jembe, akaenda kulima mashamba ya watu kwa malipo ya mihogo. Elsa akatolewa shule, akabaki kuwalea wadogo zake. Garajini, kwa upande mwingine, Magloire aliitwa shujaa kila alipompita mtu mlimani.

Msimu wa mvua, Cadette, dada mkubwa wa Ernestine, alituma neno kutoka kijiji chao cha Wamaza, njia ya Kabambare. Mama yao, Mama Consolée, alikuwa mahututi na jina alilokuwa akiita ni la Ernestine. Magloire aliposikia alishtuka kwa kweli, kwani mama yule alimpenda kama mtoto wa tumbo lake.

"Nitakupeleka," alisema. "Polepole. Sitakimbiza."

Waliondoka, Ernestine amemshika mumewe kiunoni. Kwa kitambo Magloire akawa yule wa zamani. Alimwonyesha mashamba ya mpunga, akamwambia wakitoka Wamaza atairudisha porbagaje, Elsa arudi shule. Ernestine aliegemeza shavu mgongoni pake. Aliamini.

Kisha wakasikia pikipiki nyuma yao. Junior alikuwa anakwenda Kabambare kwa biashara yake. Aliwapita kwenye dimbwi, matope yakawarukia, naye akageuza kichwa akicheka jinsi walivyozoea kutaniana.

"Magloire! Bado hujaizika tu?"

Ernestine alihisi mgongo wa mumewe ukikakamaa.

"Baba Elsa, muache apite. Mama ananingojea."

Magloire akaongeza mwendo. Moteri ilipiga ukelele, matawi ya kandokando yakaanza kuwachapa miguu. Ernestine alimpiga mabegani, akamwomba kwa jina la Mungu, akamwomba kwa majina ya watoto. Kwenye mteremko unaoshuka hadi daraja la miti, Magloire alimfikia Junior, akampita.

"Umeona?" alipaza sauti kwa furaha. "Umeona, mama Elsa?"

Alikanyaga freni apunguze mwendo, zikashika, lakini udongo ulikuwa umelowa. Gurudumu la mbele liliingia kati ya magogo mawili ya daraja, na wote wawili wakarushwa chini kwenye mawe ya kijito. Pikipiki ikaangukia mguu wa Ernestine.

Junior ndiye aliyewatoa. Alilia kama mtoto akiomba msaada kwa watu waliotoka mashambani, nao wakawabeba kwenye machela za fito hadi walipopata njia ya kuwarudisha Kasongo. Madaktari walikata mguu wa Ernestine chini ya goti. Magloire hakukatwa kitu, ila uti wa mgongo ulivunjika, na tangu kiunoni kwenda chini hakusikia tena hata akichomwa sindano. Mama Consolée alikufa huko Wamaza akiuliza kama Ernestine amefika. Cadette aliyaleta maneno hayo lopitali, na Ernestine akaomba apelekwe kwa mumewe amweleze mwenyewe.

Akajikongoja kwa magongo asiyoyazoea, huku Cadette akimshikilia. Rafiki wa garajini walikuwa wamekizunguka kitanda, wameleta ndizi na mikate.

"Lakini ulimupita," Djuma alikuwa akisema.

"Alinipita kwenye muteremuko," Junior alijibu taratibu. "Kwenye mulima ingekuwa neno lingine."

Magloire alijiinua kwa viwiko. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mama yangu alizikwa jana," Ernestine alisema.

Djuma alisema pole. Junior alifunika uso. Magloire alishika mkono wa mkewe, akaubana, machozi yakamtoka, na Ernestine akangoja aseme neno. Magloire akapangusa machozi, akamgeukia Junior.

"Wakati nilikupita," aliuliza, "ulikuwa kwenye vitesi gani, gia ya ngapi?"

Ernestine aliutoa mkono wake.

Leo anakaa Wamaza kwa Cadette pamoja na watoto, anabangua karanga akiwa ameketi mkekani. Elsa ndiye anayelima. Magloire analala kwenye chumba cha nyuma kwa kaka yake, Kasongo, na rafiki zake hawaji tena. Garajini benchi bado linajaa.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kupenda mashine si dhambi, na kulinganisha ya zamani na ya sasa si kosa. Kosa ni kuupa ubishi chakula cha watoto wako. Chombo kinacholisha nyumba ni mali ya nyumba nzima. Usikivunje ili wakusifu wenzako. Ukimpakia mtu nyuma yako, umebeba roho yake, na akisema muache mwingine apite, muache. Na ninyi mnaochochea kwa kicheko, fahamuni kwamba hamtakuwepo siku ya kumuuguza. Ernestine alisema neno la kweli njiani, wakati bado ulikuwepo wa kulisikia. Tuwasikilize wake zetu mapema, kwa maana kuna moyo ukishauchosha, hata ukilia mbele yake, haurudi.