Wifi Yuko Juu

Kila asubuhi fundi alifungua kibanda chake cha kushonea, akafuta vumbi kwenye cherehani, akatia uzi na kuanza sare za shule. Kibanda kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kila lililosemwa sebuleni lilimfikia. Na siku hizi sebuleni lilisemwa jambo moja tu: wifi.

"Sikilizeni!" mama mkwe alisema, simu kaishika mbali na macho. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Alisoma neno kwa neno, kwa lugha ya kwao. "'Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza. Asipewe hata maji.' Binti yangu kaandika haya! Kwa lugha yetu!"

"Dada yangu ana kichwa," mume wa fundi alidakia.

Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira. Uzi ukakatika.

Mambo yalianzia maktaba. Mkutubi aliwaita watu wanaoijua lugha ile, akawaeleza kwamba mtandaoni kuna ensaiklopidia, yaani kitabu kikubwa cha elimu ya kila jambo. Kinaandikwa na watu wa kawaida, kwa kushirikiana, bila malipo. Kina matoleo ya lugha nyingi, lakini lugha yao haikuwa na lake.

"Tumepewa uwanja wa majaribio," mkutubi alisema. "Tukionyesha kwamba tupo wengi, tunaandika vizuri, na hatuchoki njiani, kamati ya ensaiklopidia itatufungulia toleo kamili. Tukiboronga, tutabaki majaribioni."

Wifi, ambaye ni mkunga wa zahanati, alijiandikisha siku hiyo hiyo. Fundi naye akajiandikisha. Angekubalije kuachwa nyuma?

Ukurasa wa mbele ulikuwa na orodha ya waandishi. Aliyeandika kurasa nyingi alikaa juu. Wifi alikuwa juu.

"Bado unatafuta cha kuandika, wifi yangu?" mkunga alimuuliza siku moja, akijitia huruma. "Pole. Lugha yenyewe umeikuta ukweni. Utazoea."

Fundi alicheka kwa meno tu. Moyoni alisema, "Utanitambua."

Akaenda kwenye toleo la lugha kubwa. Akachukua ukurasa, akautia kwenye mashine ya kutafsiri, akaubandika kwenye uwanja wao. Akachukua mwingine. Na mwingine. Hakusoma hata mmoja. Kabla wiki haijaisha, jina lake lilikuwa juu, na la wifi lilikuwa chini yake. Alilitazama mpaka chai ikapoa.

"Mama, umeona nani yuko juu?" aliuliza sebuleni, wifi akiwapo.

"Hongera, mwanangu! Ngoja nisome wako mmoja." Mama mkwe alichagua ukurasa wa nguo za watoto. "'Mwezi wa kwanza mvike mtoto koti la manyoya, theluji isimdhuru.'" Akainua macho. "Koti la manyoya, na jua lote hili? Si utamchemsha mtoto?"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mnanionea wivu tu!" fundi alifoka, akatoka.

Siku chache baadaye mkutubi alimwita. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Dada, kamati imesimamisha ombi letu. Wameona kurasa zilizotemwa na mashine. Wanauliza kama lugha hii ina watu au ina mashine tu."

"Lakini nimezitoa kwenye toleo kubwa! Si kitabu kimoja hicho?"

"Hapana. Kila toleo lina waandishi wake na linajitegemea. Misingi tu ndiyo ile ile: usiegemee upande, taja ulikopata habari, usiibe maandishi ya mtu. Lakini kila toleo linaandikwa kwa wasomaji wake. Msomaji wako hana theluji."

"Kwa hiyo kutafsiri ni kosa?"

"Si kosa, na mashine inaweza kusaidia. Lakini lazima mtu anayeijua lugha asome kila sentensi, asahihishe, na aseme ametafsiri kutoka wapi. Kisha tunaunganisha ukurasa wetu na wenzake wa lugha nyingine, msomaji abonyeze tu na kuvuka."

"Na hizi zangu?"

"Zifutwe. Ukiomba mwenyewe, itakuwa haraka."

"Jina langu je?"

"Litashuka chini kabisa."

"La wifi?"

"Litarudi juu."

Roho ilimuuma fundi kama amemeza pini. Mawazoni alimwona wifi akicheka tena. Kisha akamkumbuka mama mkwe na simu yake. Yule mama alijifunza kusoma kwa lugha ya watu. Ya kwake ikikataliwa, atasoma nini?

"Futa," alisema. "Futa kabla sijabadili mawazo."

Safari hii aliandika juu ya kitu anachokijua: cherehani. Mkutubi alimwambia kujua hakutoshi. Msomaji lazima aweze kuhakikisha. Basi wakatafuta vitabu vya ushonaji, fundi akaonyesha kila habari ilikotoka. Sentensi ikimkwama, alimsomea mama mkwe.

Ukurasa ulipokamilika, alilala usingizi mtamu. Asubuhi akakuta umeongezwa maneno. Ya wifi! Akampigia simu papo hapo.

"Umeingia kwenye ukurasa wangu bila hodi!"

"Ukurasa hauna mwenyewe, wifi. Umesoma nilichoandika?"

"Sisomi! Nakifuta!"

"Soma kwanza, ndipo ufute."

Fundi alisoma, midomo kaibenua. "Sindano ikikuchoma kidole, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Jeraha likiwa la kina au chafu, nenda kituo cha afya uulize kuhusu chanjo ya pepopunda." Alitazama vidole vyake, vilivyojaa makovu. Hakuna aliyewahi kumwambia hayo. Akaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Lakini hakulala na deni. Aliingia kwenye ukurasa wa wifi wa malezi, akaongeza jinsi ya kushona nepi za kitambaa, na kitabu alichokitumia akakitaja. Wifi alinuna siku nzima, ila hakufuta neno. Kidogo kidogo na wengine wakaingia: seremala, mwalimu, mwuza mboga. Walisahihishana na kubishana, na ubishi ulipokolea mkutubi aliwaambia, "Leteni vitabu, si sauti."

Miezi ikapita. Kamati ikaona watu, si mashine. Toleo likafunguliwa.

Siku hiyo mama mkwe alisoma ukurasa wa vyungu, akaguna.

"Aliyeandika haya hajawahi kushika udongo. Chungu hakichomwi kingali kibichi, kitapasuka! Nionyesheni pa kubonyeza."

Mama mkwe, mfinyanzi tangu ujana, alibonyeza. Alirekebisha, akaongeza picha za vyungu vyake, akamtuma mkutubi amtafutie kitabu cha ufinyanzi cha kutaja. Baada ya muda mfupi ukurasa wake ukateuliwa kupamba ukurasa wa mbele wa toleo zima.

Mawifi wawili waliutazama kwenye simu moja.

"Umemwona mama yako?" fundi aliuliza.

"Nimemwona. Na hata hakutuaga."

"Picha zote zile!"

"Na sisi hatuna hata moja."

Kesho yake, mkutubi alipokuja kufungua maktaba, aliwakuta mlangoni, picha mkononi, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa bega ili aingie kwanza.