Waliokataa

Jiwe la kwanza lilipasua ndoo ya maji, la pili likampata muuguzi begani. Soko lilikuwa limefurika, na uvumi ulishaenea kwamba lile hema la kupimia saratani ya shingo ya kizazi linawafunga wanawake uzazi. Mtafiti, mwenye hema lake, alisimama mlangoni na gauni lake la njano lililonyooshwa pasi, akidhani atawaelimisha. Mwenye jiwe mkononi ataelimishwa na nani? La tatu lilimlenga yeye mtafiti. Halikumfikia, kwa sababu bonge la mwanamume aliyemsindikiza dada yake kupimwa aliingiza kichwa katikati, na damu ikaruka hadi kwenye gauni.

"Nishone basi, daktari," alisema yule mtu.

"Mimi daktari wa namba. Sishoni watu, nawahesabu."

"Hesabu matone, na usinipunje."

Mtafiti akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Mwanamume alikuwa bondia, ulingoni wakimwita Nyundo. Naye akambatiza mtafiti jina la Hesabu. Simu zikawa haziishi: umekula, mpenzi, umelala, mbona sauti imepoa. Nyundo akipigana, Hesabu alijifunika mtandio usoni, kisha akamkanda uvimbe kwa barafu akimsuta kwamba hiyo si kazi ya mtu mwenye akili. Kila makala aliyochapisha, na zilikuwa nyingi, kuhusu nani anakuja kupimwa na nani anakufa kwa kuchelewa, Nyundo aliibandika ukutani mwa jimu kando ya mabango ya ngumi. Ilibaki makala moja kubwa tu, ile ya soko, Hesabu apewe uprofesa.

Ikatoka. Hesabu alikimbilia jimu na viatu vipya vyeupe, midomo imekolea rangi, akamsomea kwa furaha: kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo wasirudi kutibiwa, wengi walikataa.

Nyundo akavua glavu.

"Dada yangu yumo humo?"

"Nitajuaje? Mimi sina majina, nina namba."

"Shemeji aliikuta kadi ya kurudi. Akasema mkewe havuliwi nguo kwenye mahema, akamvunja taya. Dada aliniapisha nisimwambie mtu." Sauti yake ilikuwa chini. "Ulingoni mtu akishindwa kuinuka, refa anamhesabia. Haandiki kwamba amekataa kuamka."

Neno lilimchoma Hesabu, naye aliyechomwa hachagui la kujibu. Akamwambia anamwonea wivu, hataki mwanamke amzidi cheo. Nyundo aligeukia gunia la mazoezi akalipiga mpaka mshono ukafumuka, mchanga ukamwagikia vile viatu vipya. Hesabu alitoka analia, na tangu hapo simu ikawa kimya.

Lakini lile neno lilimkwama kama mwiba wa samaki. Walikataa, nani aliwauliza? Hakuna. Asubuhi alikwenda peke yake mpaka kwa yule dada, akabisha. Aliyefungua ni mume. Aliposikia habari za kupima, hakuuliza la pili, alinyakua mguu wa kiti kilichovunjika akampiga nao. Mkono wa kulia ulivunjika kama kuni kavu, na Hesabu aliusikia. Mume aliinua tena, safari hii akilenga kichwa. Mke akatokea jikoni na sufuria ya maji yanayochemka, akammwagia yote miguuni.

Nyundo, aliyeitwa na majirani, alimkuta shemeji yake anagaagaa sakafuni, anabweka. Ngumi ilishakunjwa, na pigo moja tu lingemmaliza.

"Huyo nimeshamaliza naye," dada alisema. "Mbebe wifi, mkono umevunjika."

Wifi. Hesabu alilisikia hilo kupita maumivu yote.

Polisi walimchukua mume. Hospitalini dada alipimwa upya, dalili zilikuwa zimeongezeka lakini bado zinatibika, na safari hii alirudi. Hesabu, mkono kwenye plasta, aliwaandikia wahariri kwa mkono wa kushoto waiondoe makala yake, kwa kuwa wale wanawake hakuna aliyewauliza. Uprofesa akapewa mwingine. Roho ilimuuma, wala hakujidai haimuumi.

Nyundo alikuja na chungwa, akalimenya, akamlisha kipande kimoja kimoja. Ukutani mwa jimu, alisema mwishowe, amebandika ile barua ya kuondoa makala.

"Hiyo si sifa, mpenzi."

"Kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nikuoe nisikuoe?"

Hesabu akanyamaza makusudi, akitazama dirishani.

"Nahesabu mpaka kumi," Nyundo alisema.

"Na nikinyamaza mpaka mwisho?"

"Sitaandika umekataa. Nitakuja kukuuliza tena."

Akaanza kuhesabu. Hakufika mbili.