Tela la Watu Wawili

Naandika haya mchana, jikoni, mlango uko wazi na redio nimeiacha iseme peke yake, maana nyumba hii ikinyamaza nasikiliza, na nikisikiliza sipendi ninachokisikia. Mimi si mtu wa kuandika. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikazaa, basi. Ila Wade, mume wangu, kaniambia kwenye simu kwamba niandike yote, nikishayasoma mwenyewe nitaona ni upuuzi mtupu nitacheka. Haya, naandika.

Siku ilianza vizuri tu. Jumamosi ya Septemba, jua la kudanganya, miti yetu ya Minnesota imeanza kuwa myekundu ncha za majani. Wade yuko Dakota Kaskazini kwenye visima vya mafuta, anakuja nyumbani akikumbuka, na jirani yetu wa karibu ni shamba la mahindi. Tilda ana miaka minne na rafiki yake mkubwa ni mimi. Kuna wiki nzima ilipita sijaongea na mtu mzima ila yule wa posta, naye alikuwa na haraka. Nikasema hapana, majira yanakwisha, nitanunua tela la kulalia nimpeleke mwanangu ziwani. Lile dogo, lenye umbo la tone la chozi, nene mbele jembamba nyuma. Ndani ni godoro tu, watu wawili wanalala wamebanana, mlango huku na mlango huku, na jiko liko nyuma kwa nje, unafunua mfuniko kama buti la gari na unapika umesimama nje. Gari langu dogo lingelivuta. Mwanamke peke yake analisukuma kwa mikono. Hilo ndilo nililolitaka, kitu kisichosubiri Wade.

Baba yangu alinifundisha kununua tela: usiangalie rangi, gonga. Bati la nje linaweza kung'aa huku mbao za ndani zimekuwa uji. Mbao nzima inalia kavu, iliyooza inalia kama boga. La kwanza nililoliona lilikuwa la kijana mmoja aliyelipulizia manukato mpaka Tilda akapiga chafya.

"Ni harufu ya maua, dada," akasema.

"Ya kaburini," nikamwambia, na nikaondoka.

La pili lilikuwa zuri, ila zito, na mwenyewe alipoona ninachoendesha akacheka. "Hilo ni gari au baiskeli? Litapiga magoti kabla hujafika barabarani."

La tatu lilikuwa la Mzee Orrin Haugen, huko kaskazini, mwisho wa barabara ya changarawe, na kibao cha kadibodi kimefungwa kwa kamba. Alilitengeneza mwenyewe na mkewe, Verna, ambaye sasa ni marehemu. Nikagonga kuta zote, juu, chini, kwenye pembe ambako maji hupenda kujificha. Kavu. Kavu. Kavu. Nikapanda upande wa kushoto kujaribu godoro, na tela likainama kwangu, springi zikalia.

"Ni jepesi," mzee akasema. "Kila anayeingia, linakuambia."

"Lina kasoro gani?"

"Halina." Akafikiri kidogo. "Ni la watu wawili."

"Sisi ni wawili. Mimi na huyu."

"Basi limejaa," akasema. "Usisahau, binti. Limejaa."

Nilimwona ana upweke, kama mimi, na mtu mpweke husema maneno yasiyo na mkia, kwa hiyo sikuuliza. Kwetu mtu hachokonoi. Laiti ningechokonoa siku ile.

"Ingieni mpate kahawa," akasema.

"Hapana, asante, mzee."

"Na keki ya tufaha ipo."

"Hapana, asante, kweli tena."

"Itaharibika bure."

"Basi sawa, kama si usumbufu."

Tilda akanivuta sketi. "Mama, ulikuwa unataka. Mbona umekataa?"

"Adabu. Unakataa mara mbili, ya tatu unakubali. Ukikubali upesi utaonekana mlafi."

Nilidhani mzee atacheka, maana kila mtu wa huku hucheka akisikia mtoto anafundishwa hivyo. Hakucheka. Alimtazama Tilda mpaka mtoto akajificha nyuma yangu.

Tulipomaliza kula akatupatia keki iliyobaki pamoja na trei yake ya kuokea, ya bati, chini imebandikwa utepe wenye jina la Verna, kama wanawake wafanyavyo ili trei zisipotee kwenye chakula cha kanisani. Nikasema nitairudisha, na haitarudi tupu, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akanisaidia kulifunga tela kwenye gari. Akiwa ameinama hapo, bila kunitazama, akasema, "Ukiulizwa kitu ukiwa humo, jibu mara moja. Kisha funga mdomo."

Nikasema sawa, mzee. Nikampungia mkono.

Wiki iliyofuata tukaenda ziwani. Mvua ilianza tulipofika, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na watu wachache waliokuwepo wakakunja mahema yao wakaondoka, hata mlinzi wa kambi akaenda zake. Tukabaki sisi, misonobari, na maji ya ziwa yenye rangi ya jivu. Nikalifungua tela kutoka kwenye gari, nikaliweka sawa juu ya miguu yake, Tilda akaingia ndani na sungura wake wa kitambaa, na mimi nikafunua mfuniko wa nyuma kupika makaroni. Mchana ule ulikuwa na giza lake. Kati yangu na mwanangu palikuwa na ubao mmoja tu, ule wenye ndoano za vikombe, na nilimsikia anavyomwimbia sungura.

Wimbo ukakatika.

"Hapana, asante," Tilda akasema.

Nikatabasamu. Nikakoroga.

"Hapana, asante, kweli tena." Kwa sauti yangu kabisa, na kile kicheko changu kidogo cha adabu. Nikataka kumwambia, haya mama mkwe, na wewe umekua.

Ndipo nikaisikia nyingine. Nyuma ya ubao. Karibu na vikombe.

"Kuna nafasi?"

Haikuwa sauti ya kutisha, nataka mjue hilo. Ilikuwa ya unyonge. Ya mtu aliyesimama mvuani muda mrefu na hataki kusumbua. Kidogo nimjibu mimi.

"Basi sawa," Tilda akasema, "kama si usumbufu."

Tela likainama.

Upande wa kushoto. Springi zikalia. Maji kwenye sufuria yakahamia upande ule na vikombe vikaning'inia mshazari. Hivyo hivyo linavyoinama nikipanda mimi. Na mlango wa kushoto nilikuwa nauona kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Haukufunguka.

Nikazunguka kulia, nikavuta mlango. Tilda alikuwa amejibana ukutani, sungura kifuani, amejifanya mdogo kadiri alivyoweza. Blanketi alikuwa amelifunua nusu ya upande wa pili, kama mtu anavyomfunulia mgeni. Godoro upande ule lilikuwa limebonyea. Shuka lilikuwa limeloa.

"Usipige kelele, mama," akaninong'oneza. "Ametoka mvuani."

Sikupiga kelele. Nilimvuta mguu, nikambeba, nikamweka kwenye kiti chake ndani ya gari, nikaondoka. Jiko likiwaka. Tela nikaliacha. Sufuria, trei, nguo, vyote.

Tulipofika barabara kubwa nikaanza kulia kwa nafuu, nikawa namwambia mwanangu yamekwisha, yamekwisha. Gari nalo likaanza kulia. Tii, tii, tii. Ile kengele ya abiria wa nyuma asiyefunga mkanda.

"Tilda. Umefungua mkanda?"

"Wangu nimefunga."

Tii, tii, tii.

Nyuma yangu nikasikia mkanda unavutwa, polepole. Kisha, klik.

Kengele ikanyamaza.

Sikugeuka. Sikutazama kioo. Niliendesha macho mbele mpaka changarawe ya Mzee Orrin ikaanza kugonga chini ya gari, maana sikujua kwingine pa kwenda, na kwetu hakuna mtu. Mzee alikuwa ameshatoka kibarazani. Hakunitazama mimi. Alitazama tairi la nyuma, la kushoto.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Nani alikubali?"

"Mtoto. Mara ya tatu."

Akafumba macho.

"Mwambie mkeo atuache," nikamnong'oneza. "Nakuomba, mzee. Nilikuwa simjui, sina ubaya naye."

"Verna?" Kidogo atabasamu. "Verna hakuwahi kuomba nafasi, binti. Lilikuwa tela lake. Angekusukuma tu."

"Basi ni nani?"

"Sijui. Alianza kuuliza baada ya mazishi. Kila nilipolala humo, anauliza, nami nakataa, mara moja, nanyamaza. Nimekataa mpaka nimechoka kukataa. Ndipo nikauza, kabla sijakubali." Akatazama dirisha la jikoni kwake. Kwenye kingo palikuwa na kikombe kimoja kimefudikizwa. "Nilidhani kwa kuwa mko wawili hataona pa kuingia."

Akashuka ngazi. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, wa kushoto, akasimama pembeni na kofia mkononi.

"Ingia ndani upate kahawa," akasema.

Mvua tu.

"Amesema hapana, asante," Tilda akanong'ona.

"Na keki ipo."

Midomo ya mwanangu ikatembea bila sauti. Mzee akangoja, mpaka ikatulia.

"Itaharibika bure," akasema, na sauti yake ilikatika katikati.

Gari likainuka.

Ubao wa ngazi ya kwanza ukalia. Wa pili ukalia. Mzee Orrin alishika mlango wa wavu wazi, muda mrefu kuliko unaomtosha mtu mmoja, kisha akaingia nyuma yake. Akatoa kichwa. "Nenda, binti. Ile trei usiirudishe."

Nilifika nyumbani. Kiti cha kushoto kilikuwa kimeloa, na mkanda wake bado umefungwa, klik, juu ya hewa.

Siku zikapita. Nilikuwa nalala na taa, naamka, nampikia mtoto uji wa shayiri, na kila nikinawa vyombo namwona yule mzee na kofia yake. Sikuweza. Mtu amechukua mzigo wa mwanangu halafu nisiulize hata hali yake, nimelelewa wapi? Nikapiga simu ya shambani kwake. Iliita kidogo tu.

"Haugen," akasema mwanamke.

"Mzee Orrin yupo?" nikauliza.

"Yupo. Amelala. Amejisogeza pembeni."

Nyuma ya sauti hiyo sikusikia redio, wala saa, wala mtu.

"Njooni mpate kahawa," akasema.

Mdomo wangu ulijibu wenyewe. Naapa, mimi sikuujibisha. "Hapana, asante."

"Mje na mtoto."

"Hapana, asante, kweli—" nikauma ulimi, nikakata.

Mara mbili. Nilikaa sakafuni na simu mapajani nikihesabu kama mjinga, mara mbili, mara mbili tu. Tangu hapo ile namba inaita na sipokei. Niliwaomba polisi waende kumwangalia mzee. Wakanipigia kusema nyumba ni safi, vikombe viwili vimeoshwa, kitanda kimetandikwa, mzee hayupo na gari lake lipo. Wanamtafuta. Tela liko bado kule ziwani, mlinzi amelifunga kwa mnyororo, ananiuliza nitalichukua lini.

Leo asubuhi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba. Niliporudi mbele nikamkuta Tilda amekaa kwenye ngazi, na kando yake trei ya bati imefunikwa kitambaa safi. Nikaiinua kwa vidole. Chini palikuwa na utepe, na jina la Verna. Ilikuwa ya moto. Keki ya tufaha, mdalasini umenukia mpaka uani, na pembeni kipande kimoja kimekatwa kimetoka.

Tilda aliinua macho akanitazama. Mdomoni alikuwa na sukari.

"Nani kaleta, Tilda?"

"Nimekosa adabu, mama?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nimekubali upesi. Sikukataa kwanza."

Nikamwambia hapana, mwanangu, hujakosa. Ningemwambia nini? Nimeitupa keki kwenye pipa, nimefunga milango, kisha nikaifungua, maana kufungiwa ndani niliona ni vibaya zaidi. Wade anasema atakuja Ijumaa.

Tilda amelala sasa, usingizi wa mchana, kwenye kitanda changu kikubwa. Nimetoka kumchungulia. Kila siku hulala katikati, mikono huku na huku, kama mwenye nyumba. Leo amelala kwenye ukingo kabisa, uso ukutani, amejikunja amekuwa mdogo, na upande wa pili amelifunua blanketi.