Viatu vya Ncha Kwenye Kichanja cha Usipa

Alhamisi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Siwema alikuta viatu vyake vimetundikwa kwenye kichanja cha kuanikia usipa, nyuma ya ukumbi wa parokia, Mbamba Bay. Jozi mbili. Vilichuruzika maji ya sabuni, na visamaki vya jana vilikuwa vimelala chini yake kama watazamaji waliowahi viti vya mbele.

Saa moja na robo alikuwa kaunta ya polisi, amevikumbatia.

"Shikamoo, afande. Wameniua."

"Marahaba. Kwa maiti, unaongea vizuri. Kaa," alisema Koplo Sekela.

Sekela alikuwa Mnyakyusa aliyehamishiwa ziwani miaka mitatu iliyopita. Alishaandika kesi za nyavu, za mbuzi na za waume. Ya viatu ilikuwa ya kwanza. Alitaka kutania tena, akauona uso wa binti, akavuta daftari.

"Hivi ndivyo tunavyosimamia vidole kwenye baleti," Siwema alieleza. "Ni kitambaa, karatasi na gundi. Vikilowa vinakuwa uji. Kesho saa nne walimu wa chuo cha Dar wanakuja kutupima. Kundi zima wanachukua mmoja tu, na mwisho ni miaka kumi na minane. Mimi natimiza kumi na tisa mwezi wa nane. Sina mwaka mwingine, afande."

"Hakuna vingine vya kuazima?"

"Vyote vya wenzangu vimekufa, ncha zimelainika. Vilivyokuwa hai ni hivi."

Waliondoka kwa miguu. Siwema alitangulia, akikanyaga kwa ukingo wa mguu wa kulia, kama mtu anayepita kwenye mchanga wa moto. Asubuhi ile mchanga ulikuwa bado wa baridi.

Ukumbini, sanduku la viatu halikuwa na kufuli. Ndani ilibaki jozi moja, nyeusi kama turubai la lori la makaa ya mawe ya Ngaka.

"Hii ndiyo ya zamani," alisema Siwema. "Ilikufa kabla ya Krismasi."

Mtaa mzima ulikuwa umeshahukumu: aliyefanya ni bibi yake Siwema, Notburga, mshika funguo za ukumbi, ambaye hufua chochote kisichokimbia. Sekela alimkuta akifagia kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga pingu? Nisubiri nimalize uchafu huu."

"Leo umefungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili. Nikaenda misa. Nimerudi saa moja, nakuta mjukuu wangu analia kama msiba."

"Wanasema umevifua ili asafiri na viatu safi."

Bibi alinyakua kiatu, akakigeuza. Povu lilikuwa limekaukia mshononi na soli ilikuwa na vumbi lake lote.

"Huku ndiko kufua? Hata kusuuza hajasuuza! Na mimi niache ile mizoga myeusi sandukuni, nifue iliyo safi? Nimezeeka, sijawa kipofu."

Sekela aliandika. Mwenye nia ya kufua huanza na kichafu. Huyu alichagua vilivyo hai akaviloweka, kisha akavitundika pale bibi wa watu asingiziwe.

Saa mbili na nusu aliitwa Hilaria, mchezaji wa pili kwa ubora. Aliingia kidevu juu.

"Najua. Siwema akikosa, mimi napata. Andika."

"Nitaandika ukimaliza. Saa kumi na mbili hadi saa moja ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, namenya mihogo. Shahidi wangu ni mihogo." Kisha kidevu kikashuka. "Afande, tazama miguu yetu. Tunavaa namba ileile. Siwema akikosa, mimi nilikuwa nicheze na viatu hivyohivyo. Ningetaka nafasi yake ningemvunja mguu. Viatu ningevilinda hata kwa meno."

Sekela aliacha kuandika. Ilikuwa kweli. Aliyeharibu viatu hakumwangusha mmoja ili mwingine apande. Alitaka kesho asipimwe mtu.

Mwalimu Zabron alifika saa tatu kasorobo, amepiga pasi shati, macho mekundu. Miaka saba alikuwa akifundisha vijana kumi na wanne kwenye sakafu ya saruji, na hakuna chuo kilichowahi kumchukua hata mmoja.

"Mwalimu, taarifa umeipata lini?"

"Saa moja na dakika tano. Siwema mwenyewe alinipigia. Nilikuwa bado kitandani."

"Pole. Walimu wa Dar wako wapi?"

"Wamelala Mbinga. Lakini msiwasumbue, afande. Viatu hakuna, wataahirisha tu."

Sekela alitoka nje, akaomba namba kwa Siwema, akapiga. Alipokea Mama Asnath, mkuu wa msafara.

"Tumeshajua, afande," alisema. "Tunafunga mizigo."

"Nani kawaambia?"

"Mwalimu wenu. Alituma ujumbe. Ngoja nitazame... saa kumi na mbili na dakika ishirini. Inasikitisha. Hata daktari wetu wa mifupa tulikuja naye, maana lazima aipime miguu kabla mtoto hajacheza."

Sekela alishukuru, akakata. Alikumbuka jinsi Siwema alivyokanyaga kwa ukingo wa mguu, akarudi ndani na kumkalisha Siwema kwenye benchi, mbele ya bibi, Hilaria na mwalimu.

"Binti, vua soksi ya kulia."

Alibonyeza juu ya mguu kwa kidole kimoja. Siwema aliruka, akauma kiganja ili asipige kelele.

"Unaumwa tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Mwalimu alinipeleka hospitali, nikapigwa picha. Majibu alichukua yeye, akasema ni msuli. Nikimeza vitamini anazonipa kabla ya mazoezi hauumi."

"Unazo?"

Siwema alitoa kipakiti. Sekela alikikunjua mbele ya Zabron.

"Mwalimu, hizi mimi humeza mgongo ukinikamata. Tangu lini zikaitwa vitamini? Na ujumbe wa viatu umeutuma saa kumi na mbili na dakika ishirini. Siwema kaviona saa moja kasoro kumi. Ulivionaje ukiwa kitandani?"

Zabron aliusukuma mkono wenye kipakiti. Akakaa sakafuni, na shati lake la pasi.

"Mfupa una ufa," alisema. "Daktari alisema wiki nane asicheze. Wiki nane! Huyu ndiye wa kwanza, afande. Miaka saba, huyu ndiye wa kwanza. Nilidhani dawa zitamvusha. Jana nikasoma barua yao vizuri, nikaona daktari yumo. Angeshika mguu ule, angejua kila kitu. Nikasema bora wasije, mtoto apone taratibu, nami..."

"Nawe ubaki mwalimu mzuri. Na bibi abebe lawama kwa sababu anapenda sabuni."

Bibi Notburga alilitupa fagio. Hilaria alikuwa analia, hakujificha.

Siwema hakulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu hatua.

"Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, wa nne," alisema. "Ungeniambia ningelala, Mwalimu. Ningelala hizo wiki nane zote, ningeamka, na leo ningekuwa nimeshapata mwezi mzima wa mazoezi."

"Siwema, mwanangu..."

"Nilikuwa na muda."

Zabron alijifunika uso. Sekela alimwinua kwa mkono, bila pingu. Kwenye jalada alikata neno "viatu" akaandika "kudhuru mwili", kisha akachana karatasi ya PF3, ya kutibiwa hospitali, na kuijaza jina la binti.

"Afande," Siwema aliita walipofika mlangoni. "Yule daktari bado yuko Mbinga?"

"Yupo."

"Mwambie ateremke. Hana haja ya kunitazama nikicheza. Aje aniambie kama nitatembea."