Treni Iliyouliza "Mpo?"

Cheka ukitaka, lakini haya yalimpata rafiki yangu mshonaji. Alikuwa ametoka kumpelekea mteja gauni, bintiye akamganda kama luba: lazima apande treni ya watoto kwenye bustani ya michezo ufukweni. Siku hiyo hapakuwa na wateja. Wakakaa behewa la mbele, peke yao, nyuma ya dereva.

Dereva yule ana mtindo wake. Treni ikiingia handakini huuliza, "Mpo?" na watoto huitika, "Tupo!" ili ajue hakuna aliyeanguka.

Giza likawameza. Magurudumu yakalia kwi, kwi, kwi. Mama akaushika mkono wa bintiye.

"Mpo?" dereva akauliza kwa mazoea.

"Tupo!"

Ilikuwa sauti ya umati wa watoto, kutoka mabehewa matupu ya nyuma, na ndani yake sauti ya bintiye. Dereva hakugeuka, aliongeza mwendo tu.

Nje, kwenye mwanga, mtoto alikuwa ubavuni pa mama yake, mzima. Ila tangu hapo hajatamka neno.

Jana umeme ulikatika kwao. Mama akampakata. "Mwanangu, upo?"

Mtoto akamkumbatia, kimya.

"Nipo, mama," sauti yake ikajibu kutoka nje ya mlango. "Nifungulie."