Dole la Mzee Jefwa

Jumamosi hiyo ya mwaka 1961 posta ya Changamwe ilijaa mpaka mlangoni. Makuli wa bandarini, mafundi wa reli, akina mama wenye watoto mgongoni, wote walijipanga mbele ya dirisha moja, na nyuma ya dirisha alikaa Kenga Jefwa, shati lake jeupe limenyoshwa kwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Joto lilikuwa limewashinda wote isipokuwa msichana mmoja aliyefika mbele kwa gauni la maua ya buluu na viatu vyeupe, mkononi ana bahasha nene.

"Nataka iende kwa rejista," alisema.

Kenga akaisoma anwani mara mbili. "Dada, huku ni wapi?"

"Reunion. Kisiwa cha Wafaransa, ng'ambo ya Madagaska."

"Na huko una nani?"

"Babu yangu."

"Mzima?"

"Alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita."

Kenga akaweka stempu chini. "Basi sidhani kama atakujibu upesi."

Mstari mzima ukacheka. Msichana naye alicheka, ingawa alijaribu sana asicheke.

Aliitwa Solange Morel, umri miaka ishirini, opareta wa simu katika kampuni moja ya mafuta hapo hapo Changamwe. Watu wake walitoka Shelisheli. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake, Bibi Klementina, mjane wa seremala wa reli. Bibi huyu alikuwa na kazi moja iliyomnyima raha: kukusanya katika kitabu kimoja ndoa zote za ukoo wa Morel. Tano za Shelisheli zilikwisha patikana. Iliyobaki ni ya kwanza kabisa, ya Antoine Morel, Mfaransa aliyehamia Reunion zama kisiwa hicho kikiitwa Bourbon. Nakala ya ndoa hiyo ndiyo Solange aliyoiandikia barua.

Majibu yalichelewa, na sijapata kuona barua iliyochelewa kwa heri kama ile. Mwanzo Solange alikuja kuulizia kila wiki. Kisha akaona miguu ya nini, naye ana simu mbele yake siku nzima.

"Posta Changamwe."

"Barua yangu imefika?"

"Haijafika, laazizi."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita laazizi?"

"Hakuna. Nilikuwa najaribu tu. Nijaribu tena?"

"Jaribu kesho. Sasa hivi mkubwa wangu anataka laini."

Adhuhuri walikaa kwenye benchi nyuma ya posta, wakala mahamri na mbaazi, na Solange akamsomea zile ndoa tano, akizigeuza kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili. Wachumba hutangazwa kanisani Jumapili tatu. Mke huandikwa kwa jina la baba yake hata baada ya kuolewa. Mwisho baba wa bwana arusi hutia sahihi, na baba wa bibi arusi hutia yake. Kenga alizipenda zile sahihi zenye mikia.

"Huyu alikuwa akiandika au akipunga mkono?"

"Cheka, cheka. Siku yako ikifika tutaiona yako."

"Kumbe siku yangu ipo?"

Solange akainamia mahamri yake. Walikuwa wamekwisha pendana, na wote wawili walijua.

Lakini Kenga alipopeleka posa, Bibi Klementina aliuliza jambo moja tu: je, baba yake anajua kuandika? Hajui. Mzee Jefwa alikuwa mgema wa Mjambere, kule Kisauni. Alikuwa amesomesha watoto wanne kwa kukwea minazi, na akiletewa karatasi alitia dole badala ya sahihi.

"Kitabu changu hakina dole," alisema Bibi. "Tangu Antoine mpaka leo, kina Morel hutia sahihi, na wanaooana nao hutia sahihi. Mimi sitakuwa wa kwanza kuivunja ada hiyo."

Bila idhini yake hapakuwa na ndoa mpaka Solange atimize miaka ishirini na moja.

Bahasha ya Reunion ilifika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Kenga alimkabidhi Solange kwa mkono wake, na nusu saa baadaye simu ya posta ikalia.

"Kenga, tumeshinda! Sikiliza. 'Bwana arusi ametangaza kwamba hajui kuandika, akaweka alama ya msalaba.' Antoine mwenyewe! Na mkewe, Mmalagasi, naye msalaba. Bibi hana tena la kusema."

Kenga akaweka stempu chini.

"Husikii?"

"Nimesikia. Kwa hiyo baba yangu sasa amekuwa mtu, kwa sababu Mfaransa mmoja naye hakusoma."

"Sikusema hivyo."

"Na ingekuja na sahihi ya mkia mrefu, Solange? Leo ungeniambia nini?"

Taa tatu zikawaka kwa pamoja kwenye ubao wa simu wa Solange. Kenga akakata.

Siku mbili Solange alimkasirikia Kenga. Siku ya tatu akajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyomfaa. Alimkuta Bibi Klementina sebuleni na kitabu chake, akasimama mbele yake na bahasha mkononi.

"Barua ya Antoine imekuja, Bibi."

"Ah! Nisomee, mwanangu."

"Sikusomei mpaka unijibu. Namtaka Kenga. Baba yake atatia dole, nawe utatia sahihi chini ya dole lake. Unakubali au hukubali?"

"Barua inasema nini?"

"Iseme itakavyo. Mzee Jefwa si wa kusubiri ruhusa ya maiti. Mwezi wa nane natimiza ishirini na moja, na nitaolewa hata usipokuja. Lakini nakupenda, Bibi. Nataka uje."

Akaifungia bahasha sandukuni, ufunguo akautia mfukoni. Siku nne Bibi Klementina hakusema naye ila habari za chumvi na maji. Siku ya tano alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda dukani kwa Barakat, akaomba simu.

"Wewe ndiye kijana wa posta?"

"Ndimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie baba yako aje kwangu Jumapili, tuzungumze mambo ya arusi. Kama hajui kuandika, kitabu kina nafasi."

"Kwani Bibi, ile barua imekwambia nini?"

"Barua gani? Huyu mtoto amekataa kunisomea mpaka nimjibu kwanza. Sasa nimejibu, na bado sijui imeandikwa nini."

Kenga alifunga dirisha. Mstari ukanung'unika, mzee mmoja akauliza kama serikali imekufa, lakini yeye alikwisha kutoka. Alikimbia mpaka lango la kampuni ya mafuta. Askari hakumruhusu kuingia, ila alimwonea huruma kwa jasho lile akampa simu ya lango.

"Opareta," ilijibu sauti ya Solange.

"Mimi. Niko langoni."

"Sema upesi, laini hii ni ya kampuni."

"Nilikuuliza swali, nikakata kabla hujajibu."

"Hata usingekata, siku ile jibu sikuwa nalo. Nililipata baadaye, likaniuma."

"Bibi yako ameniambia. Nisamehe, Solange. Nataka kukuoa."

"Mwambie askari asogee kwanza, anasikiliza."

"Amesogea," alisema Kenga, na askari, aliyekuwa karibu kuegemea bega lake, akaitikia kwa kichwa.

"Basi ndiyo, Kenga. Ndiyo. Na siku ya kanisani, baba yako akitia dole, usimshikie kitabu wewe, wala padri asimshikie. Nitamshikia mimi."