Mpenzi Asiyetaka Kula Mkahawani

"Huyo ana mke," Mwalimu alisema, akachoma kipande cha kuku kwa uma kana kwamba ndiye mwanaume mwenyewe.

"Hana," Fundi alijibu.

"Anaye. Na watoto anao. Tena mapacha."

"Sasa mapacha umewatoa wapi?"

"Mwanaume anayejificha namna hiyo hawezi kuwa na mtoto mmoja."

Nesi alicheka mpaka soda ikampalia, ikabidi Fundi ampige mgongoni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na marafiki hao watatu, wanawake wote, walikuwa mezani kama kawaida yao. Tangu wamalize shule, kila mwezi huchagua mkahawa mmoja mjini, wakala, wakacheka, wakachambuana hadi mifupa. Mwalimu alifundisha hesabu, na alisema na watu wazima wote kana kwamba hawajaleta daftari. Nesi alikuwa wodi ya wazazi, na habari yoyote yenye mapenzi ndani yake haikumpita. Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na hapo ndipo alipompata mwanaume aliyekuwa akijadiliwa.

Kwenye simu alimwandika "Taratibu". Alikuja kibandani na simu iliyotumbukia majini, akaeleza shida yake kwa upole, neno baada ya neno. Simu ilipona kwa siku mbili. Fundi hakupona. Sasa ulikuwa mwezi wao wa nane pamoja, na mwanaume hajawahi hata siku moja kukaa naye kwenye meza ya mkahawa.

"Tusomee tena huo ujumbe," Mwalimu aliagiza.

Fundi akasoma kwa unyonge: "Mpenzi, nisamehe, leo tena siwezi. Jioni nitakuja nikupikie samaki. Nisalimie Mwalimu na Nesi."

"Salamu zake tunazila?"

"Lakini anapika," Nesi alitetea. "Wangu hata maji yanamuungulia."

"Nyumbani kwake umefika?" Mwalimu aliuliza.

"Nimefika mara nyingi tu. Chumba na sebule, safi kuliko hospitali."

"Mke yuko kwa wazazi wake."

"Miezi minane?"

"Amekwenda kujifungua mapacha!"

Hata Fundi alicheka. Lakini alipotazama meza za jirani, watu wawili wawili wakilishana viazi kwa uma mmoja, kicheko kikamkauka. Kila alipomwomba Taratibu watoke wakale mahali, jibu lilikuwa lilelile: nimechoka, kuna joto, chakula cha nyumbani kitamu zaidi. Nani anachoka miezi minane mfululizo?

"Sikilizeni," Mwalimu alisema. "Jumamosi ijayo mkahawa wa Dada Mkubwa unafunguliwa tena. Wiki sita umefungwa na yule bwana afya asiye na haya! Anazungukia migahawa ya watu na kijitabu chake, anafunga tu. Dada yangu amelia mpaka amekonda. Siku hiyo lazima twende tukamtie moyo. Na wewe, utakuja na huyo mtu wako."

"Akikataa?"

"Akikataa, jibu umeshapata."

Fundi hakungoja kufika nyumbani. Alitoka nje, akapiga.

"Nakusikia, mpenzi," ilisema sauti ileile ya taratibu.

"Jumamosi ijayo saa saba mchana tunakula nje, mimi na wewe na marafiki zangu."

"Mkahawa gani?"

"Kwani ukijua, chakula kitabadilika ladha? Wa dada yake Mwalimu."

"Uko mtaa gani?"

"Tutakutana kituoni, nitakupeleka. Na nisikilize vizuri: usipotokea, futa namba yangu."

Fundi akatazama kama simu imekatika.

"Nitakuja," Taratibu alisema.

Alikuja kweli. Shati la kijivu limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Walitembea wameshikana mikono, wakakata kona mbili, na walipofika mbele ya mkahawa Taratibu akasoma kibao cha juu, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Fundi, kabla hatujaingia, kuna jambo."

"Utaniambia ukiwa umekaa."

"Ni bora nikwambie nikiwa bado nimesimama."

"Ingia!"

Mhudumu wa kwanza alikuwa anatembeza trei ya bilauri. Alimwona Taratibu, macho yakamtoka, trei ikacheza, bilauri mbili zikaenda chini.

"Ka-karibu, bwana," alisema, akarudi jikoni kinyumenyume.

Walikaa. Mwalimu alimpa mgeni mkono bila tabasamu. Nesi alimpa tabasamu la watu wawili. Kabla hawajaagiza, mhudumu wa pili alikuja kufuta meza. Akaondoka. Akarudi, akaifuta tena. Akarudi mara ya tatu, akafuta hadi miguu ya meza. Jikoni masufuria yaligongana, sauti ya mtu ikanong'ona kwa nguvu, "Kofia! Kofia yako iko wapi?" Kisha mhudumu wa kwanza akaja kuwabadilishia vijiko ambavyo hawakuwa wamevigusa.

"Bwana, ungependa maji ya kunawa? Ya moto yapo. Sabuni ipo. Taulo ni jipya."

"Asante, inatosha," Taratibu alijibu, akizidi kuizamisha kofia.

Mwalimu aliinama kwenye sikio la Fundi. "Umeona? Wanamjua. Huyu anakuja hapa na mtu."

Fundi alisikia moyo unashuka hadi kwenye viatu. Nesi akanyanyuka. "Nakwenda kunawa," alisema, akaenda moja kwa moja kwa mhudumu. Dakika mbili baadaye alirudi uso umembadilika, akakaa, akashindwa kujizuia.

"Fundi, rafiki yangu, jikaze. Nimeuliza kama huja peke yake. Anakuja na mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mrefu, ana miwani. Mara ya mwisho walijifungia jikoni saa nzima. Wapishi wote walitolewa nje."

"Jikoni?" Mwalimu alishangaa. "Hawana hata aibu ya kutafuta kiti?"

Fundi alimgeukia mwanaume wake. Sauti ilimtoka ndogo, tofauti na alivyokusudia.

"Huyo mwanamke wa jikoni ni nani?"

Taratibu alivua kofia, akaiweka mezani.

"Ni bosi wangu."

"Unatembea na bosi wako?"

"Ninakagua naye. Fundi, mimi ni bwana afya."

Mhudumu wa pili, aliyekuwa anakuja kufuta meza mara ya nne, aligeuza njia.

"Uliniambia unafanya kazi ofisi za jiji," Fundi alisema.

"Ndiyo, idara ya afya."

"Mimi nilidhani unapanga mafaili!"

"Hukuuliza zaidi, na mimi nilishukuru hukuuliza."

Mwalimu alisimama polepole, jinsi anavyosimama mbele ya darasa lililoiba mtihani.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyepiga kufuli mkahawa wa dada yangu wiki sita!"

"Ni mimi."

"Na unakuja kukaa kwenye kiti chake?"

"Sikujua kama ni dada yako. Nimejua pale mlangoni."

"Fundi," Mwalimu alisema, "mimi si mtu wa kuchagulia watu wapenzi."

Nesi alikohoa.

"Lakini huyu, hapana. Dada yangu ndiye aliyenisomesha. Ukitoka hapa naye, mimi na wewe basi."

Hapo ndipo mzaha ulipoisha. Fundi alimtazama rafiki yake. Huyu ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali siku tisa mama yake Fundi alipolazwa, akisahihisha mitihani kwa tochi ya simu. Ndiye aliyezunguka naye kutwa kutafuta kibanda cha kwanza. Halafu akamtazama mwanaume aliyemficha kazi yake miezi minane.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza.

"Nikisema kazi yangu, watu huacha kunikaribisha, au wanakaribisha wakiwa na lao moyoni. Nilikuwa na mchumba. Mjomba wake alikuwa na bucha. Niliifunga bucha Jumatatu, uchumba ukafungwa Jumanne. Na mkahawani nikiingia, hivi ndivyo inavyokuwa. Nilitaka uwe na mtu wa kawaida kidogo, kabla hujajua."

"Jikoni humu ulikuta nini?"

"Siwezi kusema."

"Sema!" Mwalimu alifoka. "Sema uliona nini hata ukamliza dada wa watu!"

"Ripoti ni ya mwenye mkahawa. Akitaka kuisema ataisema mwenyewe. Mimi siwezi kumsimulia mtu mezani kwake."

"Hata kama utanikosa?" Fundi aliuliza.

Macho yalimwiva Taratibu.

"Hata hivyo," alisema.

Fundi alisukuma kiti nyuma. Mwalimu alidhani anaondoka. Taratibu naye alidhani hivyo, akaanza kuokota kofia yake. Lakini Fundi alipita katikati ya meza, akasukuma mlango wa jikoni, akaingia.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama kwenye kona, ameshika mwiko, kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Anasemaje? Amekuja kufunga tena?"

"Amekuja kula. Ni mpenzi wangu."

"Huyo?" Mwiko ulianguka.

"Dada, nakuomba kitu kimoja tu. Alikuonea, au hakukuonea?"

Dada Mkubwa aliangalia sakafu mpya inayong'aa. Akaangalia mlango, ambako sauti ya mdogo wake ilikuwa inasikika ikitoa hotuba. Akapumua kwa nguvu, akafungua aproni, akatoka.

"Mdogo wangu, kaa chini," alisema alipofika mezani.

"Dada, usijali, namshughulikia—"

"Nimesema kaa."

Mwalimu alikaa. Fundi hakuwahi kumwona akikaa haraka hivyo.

"Nilikudanganya," Dada Mkubwa alisema. "Bomba la maji machafu lilikuwa linavuja chini ya sinki, na stoo ya unga ilikuwa na panya. Si panya mmoja. Walikuwa wameshazaliana. Nilijua. Nilimwomba huyu afumbe macho, nikamwekea bahasha mfukoni, akanirudishia bila kunishtaki kwa bosi wake. Halafu nikakuambia kanionea, kwa sababu wewe unanisifia kila mahali, na niliona aibu. Jumapili mbili alikuja na nguo zake za nyumbani, akatuonyesha pa kupitisha bomba jipya. Siku moja alitoka hapa amelowa hadi magotini."

Mwalimu aligeuka, akautazama mlango wa jikoni.

"Mimi nilikula hapa," alisema. "Kila Ijumaa. Kwenye huo unga."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Nilikuwa naumwa tumbo kila Jumamosi!"

"Nikakwambia ni mawazo ya shule," Dada Mkubwa alisema, na machozi yakamtoka.

Nesi alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine.

"Kwa hiyo," aliuliza polepole, "hana mke?"

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Nesi, kisha Dada Mkubwa, akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwalimu alijikaza kisabuni kwa muda mrefu, halafu akamnyooshea Taratibu mkono.

"Nimekukosea," alisema. "Sisemi hivi mara nyingi, kwa hiyo usiniombe nirudie."

"Nimesikia mara ya kwanza," Taratibu alijibu.

"Na wale mapacha," Nesi alimkumbusha, "nao uwaombe radhi."

Walikula. Samaki walikuja wa moto, saladi ikaja kila jani limeng'aa, na wapishi wanne walichungulia mlangoni, kila mmoja na kofia. Taratibu alipomeza tonge la kwanza, jiko zima lilisubiri.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema.

"Hiyo si kazi yako!" Dada Mkubwa alimjia juu, na mkahawa ukaangua kicheko.

Saa kumi waliagana. Mwalimu alimkumbatia Fundi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akamnong'oneza, "Ningekukosa bure." Kisha akarudi ndani kumsaidia dada yake.

Fundi na Taratibu walishika njia ya kituoni. Fundi hakumpa mkono.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Leo nimesikia kazi yako kwa kelele, mbele ya watu, na kabla ya hapo nikaambiwa umejifungia na mwanamke jikoni. Unajua moyo wangu ulifika wapi?"

"Nisamehe. Nilikuwa mwoga."

"Kuanzia leo jambo nalisikia kwako, likiwa bado dogo. Si likishakomaa."

"Sawa." Alitembea hatua tano, sita. "Basi kuna moja. Sijui kama bado ni dogo."

Fundi alisimama katikati ya njia. "Mungu wangu. Lipi tena?"

"Mama yangu. Nimemweleza habari zako zote, tangu mwezi wetu wa pili. Anataka kuja kwenu mwezi ujao na baba zangu wadogo. Ananiuliza kila wiki kama nimekuambia, na kila wiki namwambia kesho."

Mama mmoja aliyebeba kikapu aliwazunguka, maana walikuwa wameziba njia. Fundi alimtazama mwanaume huyo: kofia mkononi, jasho kwenye paji la uso, amesimama kama anayesubiri kusomewa hukumu. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sauti ya juu.

"Mama, shikamoo. Mwezi ujao usipange safari."

"Marahaba. Kwa nini, nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Kuna wageni."

"Wageni wa nini?"

"Wa kunioa."

Ikasikika sauti ya mama, mbali na simu, akipiga kelele ndani ya nyumba: "Baba watoto! Zima hiyo redio! Nimesema zima!"

Taratibu alisogea karibu. "Kwa hiyo jibu ni ndiyo?"

"Umesikia nimemwambia mama wageni wa nini?"

"Nimesikia."

"Mimi huwa simdanganyi mama yangu," Fundi alisema, akampa mkono.